Baada ya Kuugua kwa Muda Mrefu

Kiswahili hakipendi kumtupia mtu neno "kufa". Anayekufa ni mbuzi, betri, biashara. Mtu hufariki, neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake kuachana. Mtu huaga dunia, hututoka, hutangulia mbele ya haki. Wasemaji wa Kikantoni, kule kusini mwa China, hutania kwamba marehemu kaenda kuuza mayai ya bata ya chumvi. Kila watu na pazia lao.

Mimi nimekulia Soweto, Mbeya, miaka ya tisini, na pazia letu lilikuwa na kazi nyingine. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita jirani. Madereva wa malori walikula, wakalala, wakapenda. Vijana wa mtaani walisema fulani "kakanyaga miwaya" au "ana ngoma". Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa mwaka 1983, ugonjwa ulishaitwa Juliana, jina la vitambaa vya biashara ya mpakani. Wazee wetu hawakusema lolote. Redioni tangazo lilikuwa lilelile: "baada ya kuugua kwa muda mrefu".

Baba mdogo aliugua kwa muda mrefu. Mama mdogo akaambiwa ni kifua tu. Alimuuguza, akamzika, na miaka mitatu baadaye naye akaugua kwa muda mrefu.

Desemba 1999 Rais Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Utafiti wa 2003-04 ulikuta zaidi ya watu wazima 13 kati ya kila 100 mkoani Mbeya wana virusi. Wastani wa nchi ulikuwa 7. Kisha Januari 2005, Mandela, aliyewahi kuishi Soweto ile ya Johannesburg, akasema hadharani kwamba mwanawe Makgatho kauawa na UKIMWI. Mama alisikia redioni, akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe inasemeka."

Kupima kusingemponya mama mdogo wakati ule; dawa za bure zilianza 2004. Lakini angejua anapambana na nini.

Sina ugomvi na "kufariki". Neno hilo linamstahi aliyeondoka. Ugomvi wangu ni na lile tulilomfichia aliyebaki, tukaliita adabu.