ʻIeʻie

ʻIeʻie (Freycinetia arborea) ni mmea wa familia ya mkadi unaopanda miti katika misitu yenye unyevu ya Hawaii na visiwa vingine vya Pasifiki. Mizizi yake ya hewani hulikumbatia shina la mti bila kuunyonya. Wahawaii waliisuka kuwa vikapu, mitego ya samaki na viunzi vya kofia za manyoya ya ndege za machifu.

Uhai wa mmea huu hauko mikononi mwake peke yake. Maua ya kiume na ya kike huota kwenye mimea tofauti, yakizungukwa na majani manene, matamu, ya rangi ya machungwa. Ndege wenyeji, akiwemo ʻōʻū, waliyala wakabeba chavua. ʻŌʻū hajaonekana kwa uhakika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Pengine itasemwa kwamba pengo limezibwa, kwani mwaka 1983 mtaalamu wa mimea Paul Alan Cox alionyesha kuwa ndege mgeni, kinengenenge wa Japani, aliyeingizwa katika kisiwa cha Oahu mwaka 1929, huchavusha maua hayo. Ni kweli, lakini hiyo ni bahati tu, nayo bahati si hifadhi: panya wageni nao huyaguguna majani hayohayo. Anayetaka kuulinda ʻieʻie hana budi kuwalinda pia ndege wa msitu wake.