Mafuta ya Risasi za Enfield na Chimbuko la Maasi ya 1857 nchini India

1.0 Utangulizi

Wanahistoria wamegawanyika kuhusu nafasi ya mafuta ya risasi katika maasi ya 1857. Wapo wanaoyaona kuwa kisingizio kilichofunika malalamiko mazito zaidi, kama vile kutwaliwa kwa ufalme wa Awadh mwaka 1856 na sheria ya mwaka huohuo iliyowalazimu askari wapya wa Jeshi la Bengal kukubali kutumwa ng'ambo. Wengine huyachukulia kuwa chanzo chenyewe. Makala haya yanadai kwamba mjadala huo hauwezi kukamilika bila kuchunguza kwanza kazi ya mafuta hayo ndani ya bunduki.

2.0 Ulazima wa Mafuta

Bunduki ya Enfield ya 1853 ilishindiliwa kwa mdomo wa mtutu, lakini tofauti na gobori la awali, mtutu wake ulikuwa na mifuo mitatu ya mzunguko. Risasi yake, iliyotengenezwa kwa madini laini ya risasi, ilikuwa nyembamba kidogo kuliko mtutu. Baruti ilipolipuka, kitako chake kilitanuka na kushika mifuo. Baruti nyeusi huacha masizi magumu. Pasipo mafuta, baada ya mizinga kadhaa risasi ingekwama njiani. Kwa hiyo, kifuko cha karatasi kilichobeba baruti na risasi kilipakwa mchanganyiko wa shahamu na nta kwenye upande wa risasi. Askari alifundishwa kung'ata ncha ya upande wa pili, kumimina baruti, kisha kuishindilia risasi kwa mdeki.

Hivyo basi, mafuta hayakuwa jambo la hiari. Lililokuwa la hiari ni aina yake. Mwaka 1853, vifuko vilipopelekwa India ili kupima athari za hali ya hewa, Kanali Tucker alishauri kwamba visigawiwe kwa askari wa Kihindi kabla ya kuhakikisha kuwa mafuta yake hayawakwazi. Ushauri huo haukufanyiwa kazi. Baadaye mkataba wa kununua shahamu kwa ajili ya ghala la silaha la Fort William, Calcutta, haukutaja mnyama. Shahamu ya ng'ombe ingemtia unajisi Mhindu. Ya nguruwe, Mwislamu.

3.0 Marekebisho Yaliyochelewa

Januari 1857 hofu hiyo iliripotiwa kutoka Dum Dum, na kabla ya mwezi kwisha serikali iliruhusu askari wapake mafuta waliyoyachagua wenyewe. Baadaye utaratibu wa kung'ata ulibadilishwa. Kifuko kingechanwa kwa mkono. Kiufundi, hatua hizo zilitosha. Kisiasa, zilisomwa kama ungamo: kama mafuta yalikuwa safi, kwa nini yaondolewe? Shaka ilihamia kwenye karatasi, ambayo mng'ao wake ulidhaniwa kuwa umetokana na shahamu. Tarehe 26 Februari, Kikosi cha 19 huko Berhampore kilikataa kupokea fataki, ingawa vifuko vilivyokusudiwa vilikuwa vya mtindo wa zamani.

Tukio la Meerut linaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Tarehe 24 Aprili, Kanali Carmichael-Smyth aliwaita askari 90 wa Kikosi cha 3 cha Wapanda Farasi ili kuwaonyesha namna mpya ya kuchana. Vifuko havikuwa vya Enfield, bali vile walivyovizoea. Askari 85 walivikataa. Walihukumiwa, wengi wao miaka 10 na kazi ngumu, na tarehe 9 Mei walitiwa pingu mbele ya wenzao. Kesho yake wenzao waliasi, wakawafungua na kuelekea Delhi.

4.0 Hitimisho

Waliofungwa Meerut, kwa hiyo, hawakukataa mafuta yaliyokuwa mikononi mwao. Walikataa neno la mwajiri ambaye hawakumwamini tena. Hata hivyo, haitoshi kuyaita mafuta kisingizio. Malalamiko ya ardhi, mishahara na utumishi yaliwagusa askari kwa viwango tofauti, ilhali kifuko kilifika mkononi mwa kila mmoja na kilitakiwa kuguswa kwa meno. Kilichogeuza hitaji la kiufundi kuwa janga ni uzembe wa kimkataba ambao ungeweza kuepukwa mwaka 1853, wakati kubadili shahamu kungali suala la ghala, si la imani.