Dhahabu ya Lupa na Misitu ya Mafinga



Juma hili tuitazame historia ya Nyanda zetu za Juu Kusini, maana yaliyowapata jirani zetu yanatuhusu.

Mwaka 1922 dhahabu iligunduliwa Lupa, huko Chunya. Katika miaka ya 1930 maelfu ya watu walimiminika machimboni, wakiwemo vijana wa Kinyakyusa waliotoka Rungwe kutafuta fedha ya kulipia kodi ya mkoloni. Mji wa Mbeya, ulioanzishwa mwaka 1927, ulikua kwa kuyahudumia machimbo hayo. Kisha dhahabu iliyopatikana kwa urahisi ikapungua, na mwaka 1956 mgodi wa Saza ukafungwa. Chunya ikapoa. Mbeya haikupoa, kwa kuwa ilikuwa na ofisi za serikali, kilimo, barabara iendayo Zambia na, katika miaka ya 1970, reli ya TAZARA. Ingawa wachimbaji wadogo wamerudi Chunya, somo limebaki palepale: hazina moja haitoshi kuulea mji.

Sisi wa Mafinga hazina yetu imesimama juu ya ardhi. Huko Sao Hill miti ya majaribio ilipandwa mwaka 1939. Leo misindano na milingoti ndiyo riziki ya kaya nyingi. Mji wetu umepewa Halmashauri mwaka 2015, na tarehe 22 Desemba 2023 hayati Papa Fransisko akaunda Jimbo la Mafinga kutoka Jimbo la Iringa. Pembezoni, mashamba yanageuka viwanja, na nyumba mpya zinaota kila mwaka.

Dhahabu ikishachimbwa haichipui tena. Mti huchipua, iwapo yupo wa kupanda na kungoja. Lakini baadhi yetu huuza miti ingali michanga, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada ya shule na matibabu havingoji. Hatuwahukumu. Tunajiuliza tu: jirani alikuwa wapi?

Basi, katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo tuyazungumze haya. Familia yenye mgonjwa isaidiwe kabla haijaita mnunuzi. Anayekata mti apande mwingine. Anayeuza kiwanja awashirikishe mke na watoto. Waliotutangulia walipanda miti ambayo wengi wao hawakuivuna. Tusiwaachie wajukuu visiki.

Mungu awabariki nyote.