Mikono ya galaksi juu ya Ruvuma
Kusi ikishatulia na kaskazi haijashika, usiku wa Novemba usio na mwezi pale Palma au Mocímboa da Praia huonyesha galaksi mbili kwa macho tu. Kaskazini, kwenye mlango wa Ruvuma, lipo doa hafifu la Andromeda. Kusini, juu ya bahari ya visiwa vya Kirimba, lipo Wingu Kubwa la Magellan.

Andromeda iliandikwa mwaka 964 na al-Sufi, mnajimu wa Uajemi, aliyeiita wingu dogo. Mikono haikujulikana hadi 1845, Lord Rosse wa Ireland alipoelekeza darubini yenye kioo cha mita 1.8 kwenye galaksi nyingine, M51, akachora alichokiona: mikono imejipinda kuzunguka kitovu. Katika miaka ya 1920 Edwin Hubble alithibitisha kwamba Andromeda iko mbali kabisa nje ya galaksi yetu.

Hapo likazuka fumbo la mikono. Nyota zilizo karibu na kitovu humaliza mzunguko mapema kuliko za pembeni. Jua letu hutumia takriban miaka milioni 230, na tangu kuzaliwa limezunguka mara 20 hivi. Mikono ingekuwa kundi moja la nyota zilezile, ingekwisha kujisokota mara nyingi mno hata isionekane. Picha zinaonyesha mzunguko mmoja au miwili tu!

Bertil Lindblad wa Sweden alisema mikono ni mawimbi; mwaka 1964 C. C. Lin na Frank Shu, huko Marekani, wakaipa hoja hiyo hesabu zake. Mvuvi hahitaji hesabu: wimbi hupita chini ya mtumbwi, maji hayasafiri nalo. Vivyo hivyo nyota huingia mkononi, kisha hutoka. Gesi ikibanwa humo huzaa nyota za buluu, kali na za maisha mafupi, ndizo zinazoung'arisha mkono. Ubishi haujaisha, maana wengine huona mikono ikivunjika na kuundwa upya.

Wingu la kusini ni kaidi zaidi. Miaka ya 1950 Gérard de Vaucouleurs aliliona lina mkono mmoja tu, akaanzisha kundi la galaksi za aina ya Magellan. Magellan mwenyewe, baharia Mreno ambaye wingu lina jina lake, aliijua pwani yetu: mwaka 1505 alikuwamo katika msafara wa Wareno, chini ya Almeida, ulioivamia Kilwa. Manahodha wa Sofala walikuwa chini ya wingu hilo karne nyingi kabla yake, lakini ramani za anga walichora wengine. Upogo wa wingu hilo wataalamu wengi huuhusisha na jirani yake, Wingu Dogo la Magellan, linaloendelea kulivuta.