Kipupwe, Kahawa na Mpira

Vitabu vya jiografia tulivyofundishia vilikuwa na sura moja iliyowatatiza wanafunzi kila mwaka. Ilikuwa sura ya majira manne ya nchi za Ulaya na Marekani, hasa yale yanayoitwa mapukutiko, wakati miti inapoangusha majani yote. Watoto wa mlimani, waliozoea kuiona migomba ikiwa ya kijani mwaka mzima, waliuliza kama miti hiyo imekufa. Niliwajibu kwamba haijafa, inapumzika. Kisha niliwaeleza kwamba kwa wenyeji wa huko majira hayo si majani tu. Ndiyo wakati wa kuvuna mahindi na matufaha, na huko Marekani ndiyo wakati wa fainali za beisiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, ambazo zilianza mwaka 1903 na kwa kawaida huchezwa Oktoba. Mtu amemaliza kazi yake, anaketi na jirani, wanafuatilia mpira huku nje kunapoa. Mwaka mmoja, baada ya maelezo hayo, msichana wa dawati la mbele aliuliza: "Mwalimu, na sisi majira yetu ni yapi?"

Swali hilo si dogo, na kwa kuwa sasa nimestaafu na nina wasaa, napenda kulijibu kwa kirefu kuliko nilivyolijibu siku ile nikiwa na chaki mkononi.

Majira yetu yanayofanana na hayo ni kipupwe. Masika ya Machi hadi Mei yakishapita, baridi huingia Juni na kuendelea hadi Agosti. Watu wa pwani hukijua kipupwe kwa upepo wa kusi. Sisi wa Moshi hukijua kwa ukungu. Mlima Kilimanjaro, pamoja na urefu wake wa mita 5,895, huweza kujificha siku nyingi mfululizo, hata mgeni akadhani amedanganywa. Hapa Njoro, chini mjini, tunavaa sweta asubuhi na kuivua saa sita. Huko juu vihambani, nilikozaliwa na ambako bado nina shamba nililoachiwa na baba yangu, watu hawaivui. Lakini baridi peke yake haifanyi majira. Ng'ombe naye huisikia baridi. Majira hufanywa na kazi ambayo watu wote huifanya kwa wakati mmoja, na mapumziko ambayo huyapata pamoja baada ya kazi hiyo. Kwetu sisi kazi hiyo ilikuwa kahawa.

Kahawa si mmea wa asili wa Kilimanjaro. Ililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kwa muda ikawa mali ya misheni na ya walowezi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoitwaa Tanganyika, mtawala wao wa Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga kuipanda chini ya migomba yao. Walowezi walipinga. Katika nchi jirani ya Kenya Waafrika walizuiwa kwa miaka mingi kulima kahawa aina ya arabika, na walowezi wa huku walitamani katazo kama hilo. Ndipo mwaka 1925 wakulima walipounda chama chao, KNPA, ambacho Joseph Merinyo alikuwa kiongozi wake, ili kulinda haki yao ya kulima na kuuza. Mwaka 1933 mahali pa chama hicho pakachukuliwa na KNCU, chama kikuu kilichounganisha vyama vya ushirika vya msingi vya mlimani. Mwaka 1937 baadhi ya wakulima walifanya ghasia, wakipinga bei ndogo na amri ya kuuza kahawa yote kupitia chama hicho. Nalitaja jambo hilo ili tusidhani kwamba wazee wetu walikuwa malaika wasiogombana. Waligombana, lakini waligombana juu ya kitu kilichokuwa chao wote.

Kahawa ilikuja na kalenda yake. Mbuni huchanua maua meupe baada ya mvua za vuli, na matunda huanza kuiva kipupwe cha mwaka unaofuata, yakitangulia ya mashamba ya chini na kufuatiwa na ya juu hadi karibu na Krismasi. Tunda bivu halisubiri. Huchumwa likiwa jekundu, humenywa siku hiyohiyo kwa mashine ya mkono, kisha buni huachwa zichachuke, huoshwa na kuanikwa juu ya vichanja. Jua likiwa haba, kama lilivyo Julai, lazima mtu akae karibu ili azifunike ukungu ukishuka. Kazi hiyo haikuwa na mkubwa wala mdogo. Nyumbani kwetu baba alizungusha mashine, bibi alichambua buni mbovu, nasi watoto tulichuma matawi ya chini. Baba zetu wadogo waliokuwa kazini Tanga na Arusha waliomba likizo zao wakati huo, na asiyekuja aliulizwa sababu.

Nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mlimani, nilijifunza kuyasoma majira katika daftari la mahudhurio. Siku ya kupima kahawa wavulana wa darasa la sita na la saba walipungua, kwa sababu magunia yalibebwa mabegani. Badala ya kupambana na jambo hilo kwa viboko, tuliliingiza darasani. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi tulifundisha hesabu kwa kutumia stakabadhi za kahawa: kilo, bei ya kilo, malipo ya kwanza, malipo ya pili na makato. Mtoto mmoja aligundua kwamba stakabadhi ya mama yake ilikuwa na pungufu ya kilo nne. Mama huyo hakujua kusoma. Alikwenda na mwanawe hadi kwenye mizani, wakapiga hesabu upya mbele ya watu, akalipwa haki yake. Sijui somo lolote la hesabu lililonifurahisha kuliko hilo.

Kipupwe chetu kilifungamana pia na cha watu wa mbali. Mwezi Julai 1975, wakati sisi tukiota moto jikoni, jalidi kali iliunguza mibuni ya jimbo la Paraná nchini Brazil. Kwa kuwa Brazil ndiyo nchi inayotoa kahawa nyingi kuliko zote duniani, bei ilipanda mno mwaka 1976 na 1977. Lakini mwaka huohuo wa 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwemo, na kahawa ikawa inanunuliwa kwa njia ya vijiji na mamlaka ya zao. Hivyo neema iliyotokana na baridi ya Brazil ilimfikia mkulima ikiwa imepunguzwa njiani.

Na mpira? Mpira ulikuwa mapumziko ya kazi hiyohiyo. Watoto walisokota mipira kwa majani makavu ya mgomba, na mwezi Juni shule zilishindana katika michezo ambayo siku hizi inaitwa UMITASHUMTA. Kwa watu wazima, mpira ulikuwa redio.

Nakumbuka Agosti 1979. Vita vya Kagera vilikuwa vimemalizika miezi michache kabla, na madukani hapakuwa na sabuni wala betri. Taifa Stars walikuwa wameifunga Zambia bao 1–0 Dar es Salaam, na sasa walikuwa Ndola kwa mchezo wa marudiano, wakitafuta nafasi ya kwenda kwenye fainali za Mataifa ya Afrika. Katika uwanja wa nyumba yetu palikuwa na redio moja yenye betri zilizochoka. Zamani hizo betri zilizochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo, nasi tulizianika tangu saa nne juu ya kichanja, pembeni mwa kahawa. Jua lilikuwa dogo, na bibi alinung'unika kwamba tumeziba nafasi ya buni. Jioni walikusanyika watu zaidi ya ishirini, mikono yao bado ikinata maji matamu ya maganda ya kahawa. Peter Tino alifunga, mchezo ukaisha 1–1, na Tanzania ikafuzu. Bibi, ambaye hakujua Ndola iko wapi, alicheza kuliko sisi sote.

Machi 1980 huko Lagos timu yetu ilifungwa na Nigeria 3–1 na Misri 2–1, ikatoka sare ya 1–1 na Ivory Coast. Tulingoja miaka 39 kabla ya kurudi katika fainali hizo, mwaka 2019 huko Misri. Katika kungoja huko mengi yalibadilika mlimani. Julai 1989 makubaliano ya nchi za dunia yaliyoshikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka. KNCU ilikuwa imerudishwa miaka ya 1980, lakini katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa, na dawa za kuzuia chulebuni na kutu ya majani zikawa ghali kwa mkulima. Vihamba viligawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu. Hakuna aliyetangaza mwisho wa kahawa. Mmoja aling'oa mibuni kumi apande mahindi, mwingine ishirini ajenge nyumba. Bandu bandu huisha gogo.

Agosti 2025 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya CHAN. Niliona mchezo wa ufunguzi katika kibanda umiza kimoja hapa Njoro, nikiwa nimebanwa katikati ya vijana wa bodaboda. Tuliifunga Burkina Faso 2–0, na furaha ilikuwa ileile ya 1979. Tarehe 22 Agosti Morocco ilitutoa kwa bao 1–0, na huzuni nayo ilikuwa ileile. Lakini nilitambua tofauti moja. Mwaka 1979 tulioketi pamoja tulikuwa tumefanya kazi pamoja tangu alfajiri. Katika kibanda kile kila mtu alitoka katika kazi yake, saa zake na deni lake, na mchezo ulipokwisha kila mtu alirudi huko. Siwalaumu vijana hao, kwani wanafanya kazi kwa bidii. Nasema tu kwamba majira yao yamebaki nusu: wanayo mapumziko ya pamoja, kazi ya pamoja hawana.

Msomaji atasema kwamba Wachagga bado wana majira yao, yaani Desemba. Ni kweli. Krismasi ikikaribia, barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari, na vihamba vilivyokuwa kimya hujaa watu, mbege na nyama. Nami huifurahia Desemba. Ila Desemba watoto wetu huja kula, na wageni hawajui shamba lina shida gani. Zamani walikuja Julai kufanya kazi, na kwa sababu hiyo walijua mfereji umeziba wapi na mgomba upi umeanguka.

Mwaka huu wanangu wameniomba ruhusa ya kung'oa mibuni iliyobaki ili tupande parachichi. Wamefanya hesabu zao vizuri. Nimeisoma karatasi yao kama mwalimu, na sikuona kosa. Hata hivyo bei si sababu ya kutosha ya kuiacha kahawa, kwa kuwa Februari 2025 arabika ilivuka dola 4 kwa ratili katika soko la New York, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Nayo taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyoko Lyamungu, imetoa aina za mibuni zinazostahimili chulebuni na kutu. Kilichopungua shambani kwangu ni mikono ya kuchuma. Mwaka jana nililipa vibarua, na matunda mengine yalikauka mtini.

Basi nimewajibu hivi. Nusu ya shamba, upande wa barabarani, wapande parachichi. Nusu ya juu, iliyo karibu na nyumba na kaburi la bibi, tutaondoa mibuni mizee na kuweka miche mipya chini ya migomba. Miche hiyo itaanza kuzaa vizuri baada ya miaka mitatu hivi, na sina hakika kama nitakuwapo. Kwa hiyo sharti langu halihusu kahawa tu. Kila mwaka, juma la kwanza la Agosti, wanangu na wajukuu wangu waje wakiwa na nguo za kazi, wachume kilichoiva, hata kama ni madebe mawili. Jioni tutaketi pamoja tufuatilie mpira, redioni au katika televisheni, hilo halinisumbui.

Wawili wamekwisha kubali. Wa tatu ameniuliza kama likizo inaweza kusogezwa hadi Desemba. Nimemwambia matunda hayajui kusogezwa.