Mikondo ya bahari ndiyo huwaleta mikunga wachanga Sabaki

MAJI yanayotoka katika kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, yakapita Kawangware na Chiromo hadi katikati ya jiji la Nairobi, huishia Bahari ya Hindi. Mto Nairobi huingia mto Athi, ambao mbele huitwa Galana na hatimaye Sabaki, kaskazini mwa Malindi. Mkunga wa mtoni huipanda njia hiyo hiyo akitoka baharini.

Huyu si yule mkunga wa miambani anayefahamika kwa wavuvi wa Pwani. Wa mtoni hukulia katika maji baridi kwa miaka mingi, kisha hurudi baharini kutaga mara moja tu na kufa. Mwanasayansi Winifred Frost wa Uingereza aliwachunguza mikunga wa mito ya Kenya katika miaka ya 1950.

Wataalamu wanaamini kuwa mazalio yako mashariki mwa Madagaska. Anapoanguliwa, mtoto huwa bapa kama jani, mwili wake ukipenya nuru, wala hana nguvu za kushindana na maji. Mkondo wa Ikweta ya Kusini humsukuma magharibi hadi Madagaska, nao hugawanyika hapo. Tawi la kusini huweza kumfikisha Afrika Kusini. La kaskazini humwingiza katika Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaopanda kupitia Tanzania hadi Kenya. Safari hiyo huchukua miezi kadhaa.

Pepo nazo zina usemi. Wakati wa kusi mkondo wa pwani hukaza mwendo na kupitiliza hadi Somalia. Wakati wa kaskazi, Mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini. Mikondo hiyo miwili hukutana karibu na pwani ya Kenya, kisha maji hupinda mashariki kuelekea bahari kuu, pamoja na vyote vinavyoelea ndani yake. Ndiyo maana wingi wa mikunga wachanga mlangoni mwa Sabaki hautegemei hali ya mto peke yake.

Wanaofika hubadili umbo, wakawa wembamba kama uzi, na kupanda mto usiku wakifuata maji baridi. Huweza kukwea miamba iliyolowa, lakini si kila ukuta. Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa Makueni mwaka 2018, lina ukuta wa takriban mita 80, nalo limekaa katikati ya njia ya wanaopanda na ya wakubwa wanaoteremka kwenda kutaga.