Nani Mwenye Amri Juu ya Moto: Vikosi vya Kujitolea vya Mashambani Australia

Kwa mkulima wa Victoria, jimbo la kusini-mashariki mwa Australia, siku ya kuogopwa huanza na upepo wa kaskazini. Upepo huo hutoka jangwani, katikati ya bara, ukapita juu ya nyasi zilizokwisha kukauka tangu Desemba, na moto wowote utakaozuka siku hiyo husukumwa kuelekea kusini-mashariki, mrefu na mwembamba. Baadaye, mara nyingi alasiri au jioni, hewa baridi ya baharini huingia na upepo hugeuka ghafla, ukavuma kutoka kusini-magharibi. Mjini Melbourne watu hufungua madirisha na kushukuru. Huko mashambani ubavu mzima wa moto, kilomita kadhaa, unageuka kuwa kichwa chake, na aliyekuwa amesimama pembeni akidhani yuko salama anajikuta mbele yake.

Wanaokwenda kuukabili moto wa namna hiyo, kwa sehemu kubwa, hawalipwi. Ni wakulima, walimu, mafundi magari na wauza duka, wenye banda lao la gari la zimamoto kijijini, redio ya mawasiliano, na kapteni waliyemchagua wenyewe kwa kura. Victoria peke yake ina vikosi vya kujitolea vipatavyo 1,200. Nikiisoma historia yao naona swali moja linarudi kila kizazi: nani mwenye amri moto ukiwaka, jirani anayekijua kilima, au ofisi inayoiona ramani nzima? Kila upande umewahi kuwa sahihi, na kila upande umewahi kuua watu.

Kabla ya vikosi kulikuwa na wenyeji asilia, ambao kwa maelfu ya miaka waliichoma ardhi kwa mpango, kipande kwa kipande na kwa msimu wake, ili majani machanga yaote na wanyama waje. Wazungu walipofika na kondoo wao walizivunja jamii hizo, na pamoja nazo wakauvunja utaratibu huo wa uchomaji. Februari 6, 1851, siku inayoitwa Alhamisi Nyeusi, karibu robo ya Victoria iliungua. Waliokufa walikuwa watu wapatao 12, lakini kondoo walihesabiwa kwa laki nyingi, na ni hasara hiyo ya malisho, kuliko hofu ya vifo, iliyowafanya wafugaji waanze kukubaliana mapema nani atafanya nini moshi ukionekana. Silaha zao zilikuwa gunia lililoloweshwa maji, tawi bichi, sepetu na farasi.

Mwaka 1900, huko Berrigan, kusini mwa New South Wales, wakulima waliyaweka makubaliano ya aina hiyo katika sura rasmi, wakaunda kikosi cha kuzima moto wa nyika ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha namna yake nchini. Hakikuwa na kingine zaidi ya watu na vifaa vya shambani. Msomaji wa Upareni aliyewahi kuitikia msaragambo, ule mwito wa kazi ya pamoja ya kijiji, hatakuwa na shida kuwaelewa.

Tena anayo sababu nyingine ya kuwaelewa. Miti iliyoungua huko kwa sehemu kubwa ni mikaratusi, ile ile tuliyoletewa enzi za ukoloni ikapandwa kuanzia Kenya hadi nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Majani yake yana mafuta yanayoshika moto upesi, na baadhi ya aina huambua magome marefu ambayo, yakiwaka, hurushwa na upepo kilomita nyingi mbele ya moto wenyewe na kuanzisha mioto mingine. Mto hauuzuii moto huo, wala barabara. Kwetu pia kazi ya kuzima huwaangukia majirani. Oktoba 2020, moto ulipowaka Kilimanjaro, mamia ya wananchi na wanafunzi walipanda mlima pamoja na askari wa hifadhi. Tofauti ni kwamba ule wa Kilimanjaro ulikuwa mwito wa dharura, na watu wakarudi makwao. Waaustralia waliugeuza mwito kuwa taasisi.

Haikuwa rahisi. Sheria ya Victoria ya mwaka 1890 iliunda bodi mbili za zimamoto, moja ya jiji la Melbourne na nyingine ya miji midogo. Nyika na misitu vikabaki kwa vikosi vya wakulima ambavyo sheria ilivitambua kidogokidogo tu, vikiendeshwa kwa michango. Msituni kwenyewe idara ya misitu ilikuwa na wazimamoto wake, na wakulima walikuwa wakigombana na maofisa wa idara hiyo kila mwaka juu ya kuchoma: huyu anataka kuchoma ili apate malisho, yule anataka mti ubaki.

Ugomvi huo ulifikia kilele chake Ijumaa, Januari 13, 1939. Joto la Melbourne lilifika nyuzi 45.6, na mioto midogo iliyoachwa ikifuka kwa wiki kadhaa ikaungana. Watu 71 walikufa, viwanda vya mbao 69 viliteketea, na hekta zinazokaribia milioni 2 ziliungua. Wapasua mbao waliishi msituni pamoja na familia zao, mbali na barabara, na baadhi yao walifia ndani ya mahandaki waliyokuwa wameyachimba ili wajisitiri. Serikali ilimteua Jaji Leonard Stretton kuchunguza. Alizunguka miji ya misituni akiwasikiliza wakulima, wakata miti na maofisa, na mwisho akaandika bila kupepesa macho kwamba mioto ile ilikuwa imewashwa na mikono ya watu. Alizilaumu pia idara zenyewe kwa kutoaminiana, na akataka mashambani pawe na mamlaka moja ya zimamoto.

Serikali ikalikalia pendekezo hilo. Vita vilikuwa vimeanza, vijana wakaondoka kwenda jeshini, na vikosi vikabaki na wazee. Kiangazi cha 1943 hadi 1944 kiliua watu wengine wapatao 50, na safari hii moto uliingia hata katika mgodi wa makaa ya mawe wa Yallourn, uliokuwa ukilisha mitambo ya umeme ya jimbo. Kifo cha mwanakijiji kilikuwa hakijatosha kuwaamsha wanasiasa. Umeme wa Melbourne ulitosha. Stretton aliitwa tena, sheria ikapitishwa mwishoni mwa 1944, na Aprili 2, 1945 Mamlaka ya Zimamoto ya Mashambani, ijulikanayo kwa herufi zake CFA, ikaanza kazi.

Jambo la busara katika sheria hiyo ni kwamba haikuwafuta majirani. Vikosi vilibaki na majina ya vijiji vyao na vikaendelea kuchagua makapteni wao. Juu yavyo yakawekwa makao makuu, ngazi moja ya amri, na baada ya muda redio. Malori yaliyoachwa na jeshi baada ya vita yalifungwa matangi na pampu. Wanawake wengi, ambao wakati wa vita walikuwa wameshika mipira ya maji kama wanaume, walirudishwa kwenye chai na sandwichi, na ilichukua miongo kabla mwanamke kuonekana jambo la kawaida juu ya lori. Leo katika jamii ya wenyeji asilia ya Lake Tyers, mashariki mwa Victoria, wanawake ndio wamekuwa nguzo ya kikosi.

Februari 16, 1983, Jumatano ya Majivu, mfumo huo ulipata mtihani wake mkubwa. Mioto mingi iliwaka siku moja katika Victoria na Australia Kusini, ikaua watu 75. Huko Upper Beaconsfield, malori ya vikosi vya Panton Hill na Narre Warren yalikuwa kwenye barabara nyembamba ya porini upepo ulipogeuka. Wazimamoto wa kujitolea 12 walifia hapo.

Miaka 15 baadaye ikawa vilevile, kwa kiasi kidogo. Desemba 2, 1998, karibu na Linton, malori mawili kutoka Geelong yalikuwa yakielekea kujaza maji upepo ulipogeuka. Moto uliyapitia yote mawili. Wa lori la kwanza walijikinga kwa maji yaliyosalia kwenye tangi wakatoka hai. Wa lori la pili, watu 5 wa Geelong West, walikufa. Uchunguzi wa mahakama kuhusu vifo hivyo ulichukua miaka, na matokeo yake yanaonekana hata leo ukifungua mlango wa lori la CFA. Kuna mapazia ya kuzuia joto madirishani, mablanketi ya sufu nyuma ya viti, na mabomba madogo yanayolinyunyizia gari lenyewe maji. Tena hakuna anayepelekwa kwenye moto wa nyika kabla ya kufuzu mafunzo ya msingi. Wazee wengine walinung'unika, wakisema walizima mioto miaka 40 bila cheti. Nadhani walikosea, ingawa uchungu wao naupata.

Februari 7, 2009 lawama ikahamia upande wa ofisi. Jumamosi hiyo watu 173 walikufa Victoria, 119 kati yao katika moto ulioanzia Kilmore East. Kituo cha kusimamia zimamoto cha Kangaroo Ground kiliona moto unakokwenda na kikawa tayari kutoa tahadhari, lakini amri ilikuwa mikononi mwa kituo cha Kilmore, ambacho hakikuwa na watu wa kutosha wala wenye uzoefu wa kutosha. Vijiji viliungua bila kuonywa. Ngazi ya amri ambayo Stretton aliilalamikia kwa kukosekana, safari hii ilikuwepo, nayo ikawa kikwazo.

Jirani zao wa New South Wales walipitia njia yao, wakaishia mwaka 1997 na idara moja ya zimamoto ya mashambani yenye watu wa kujitolea wapatao 70,000. Kiangazi cha 2019 hadi 2020 wengi wao walikaa motoni wiki baada ya wiki, kazi zao zikilala. Waziri Mkuu Scott Morrison alitangaza fidia ya hadi dola 300 kwa siku, isiyozidi 6,000 kwa mtu, na baadhi yao wakaiona kama mlango wa kuwageuza vibarua. Wakati huohuo mchekeshaji Celeste Barber alichangisha dola milioni 51 mtandaoni. Wachangiaji wengi walidhani fedha zitawafikia pia waliounguliwa nyumba na hata wanyamapori. Mei 2020 Mahakama Kuu ya New South Wales ikaamua kwamba mfuko alioutaja Barber ulikuwa wa vikosi, basi fedha zikae kwa vikosi: vifaa, mafunzo, na msaada kwa waliojeruhiwa na familia za waliokufa.

Victoria nako ugomvi wa zamani ulivaa nguo mpya. Mwaka 2016 mkataba kati ya serikali na chama cha wazimamoto wa mshahara uliwakasirisha wa kujitolea, walioona kwamba wangewekwa chini ya wenzao wa mjini. Waziri aliyehusika alijiuzulu, bodi ya CFA ikafutwa, na suala likapigiwa kelele hadi kwenye uchaguzi wa taifa. Suluhu ilikuja Julai 1, 2020: wa mshahara walihamishiwa idara mpya, na CFA ikarudi kuwa ya kujitolea.

Hata hivyo, mara nyingi anayefika wa kwanza nyasi zikishika moto si lori jekundu la CFA. Ni mkulima na pikapu yake, tangi na pampu nyuma, ambaye pengine hana redio ya kikosi wala hayumo kwenye orodha ya kamanda. Mamlaka imemwandikia miongozo: avae nini, aripoti wapi, asikae upande gani wa moto. Wapo wanaoifuata. Wapo wanaosema kwamba wakisubiri ruhusa, uzio na malisho vitakuwa vimekwisha.